Uvunjaji wa kinga (wahusika wa kubuni)

Uvunjaji wa kinga ni namna ambavyo nguvu, silaha au hila ya mhusika mmoja wa kubuni inavyoweza kupita kinga ya mhusika mwingine ambaye kwa kawaida hadhuriki na kitu cha aina hiyo. Jambo lenyewe ni la kale katika masimulizi ya mataifa mengi. Hata hivyo limepata kanuni zake hasa katika mijadala ya "nani angeshinda", ambamo wapenzi wa vibonzo, filamu, riwaya na michezo ya video huwapambanisha wahusika wa hadithi tofauti ambao hawajawahi kukutana.

Swali ni jepesi kuliuliza. Mhusika wa kwanza hutawala akili za watu. Wa pili inasemekana akili yake haiingiliki. Wakikutana, nini kitatokea? Wengi hujibu kwa kumtaja wanayempenda. Anayetaka kujibu kwa haki hana budi kujua kwanza kinga hiyo ni ya namna gani, imetoka wapi, imewahi kujaribiwa na nini, na kama nguvu inayoletwa dhidi yake imewahi kuvunja kinga inayofanana nayo.

Maana ya maneno

Katika mijadala hii maneno matatu huchanganywa mara kwa mara, nayo ni kinga, usugu na kutofikika.

Kinga ni hali ya kutodhurika kabisa na jambo fulani. Usugu ni hali ya kudhurika kidogo kuliko wengine. Neno hili linajulikana kutoka lugha ya tiba, pale viini vya ugonjwa vinapoitwa sugu kwa sababu dawa iliyoviua zamani sasa haivimalizi. Viini sugu vinaweza kuuawa kwa dawa nyingine, na pengine hata kwa dawa ileile ikiongezwa. Tofauti hiyo imewekwa wazi katika kanuni za mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa mara ya kwanza Marekani mwaka 1974. Katika toleo lake la tano, la mwaka 2014, mwenye usugu wa moto hupata nusu ya madhara ya moto, na mwenye kinga hapati madhara yoyote.

Kutofikika ni jambo la tatu, nalo si kinga hata kidogo. Mhusika anayeweza kupita ukutani kama kivuli, kwa mfano Kitty Pryde wa X-Men, hapigwi kwa sababu ngumi haimgusi. Ikimgusa, humuumiza kama inavyomuumiza mtu yeyote. Anayetaka kumshinda hahitaji ngumi yenye nguvu zaidi. Anahitaji ngumi inayogusa. Vilevile katika kibonzo cha Kijapani cha One Piece, kilichoandikwa na Eiichiro Oda tangu mwaka 1997, wapo watu ambao miili yao hugeuka moshi, moto au mchanga, na silaha hupita ndani yao bure. Nguvu iitwayo haki humwezesha mpiganaji kuugusa mwili wao halisi. Haki hapo haijavunja kinga. Imeondoa hali ya kutofikika. Mjadala mrefu mara nyingi hufupika mtu akishatambua tofauti hii.

Udhaifu nao una pande mbili. Kuna kitu kinachomdhuru mhusika kuliko kinavyowadhuru wengine, na kuna kitu ambacho yeye hana kinga nacho tu. Superman, aliyetungwa na Jerry Siegel na Joe Shuster na kuonekana kwanza mwaka 1938, husemwa kuwa ni dhaifu mbele ya uchawi. Kauli hiyo hueleweka vibaya. Kwa kawaida uchawi haumchomi kuliko unavyowachoma watu wengine. Ila ngozi inayozuia risasi haiuzuii, naye mbele yake hubaki kama mtu wa kawaida. Jiwe la kriptoniti ni habari nyingine, kwa kuwa hilo humuumiza yeye na kumwacha mpita njia salama. Inafaa kukumbuka kuwa jiwe hilo halikuwamo katika hadithi za mwanzo. Liliingizwa kwanza katika mchezo wa redio mwaka 1943, likafika katika vibonzo mwaka 1949.

Mwanya katika masharti

Njia ya kale zaidi ya kuvunja kinga ni kutafuta kitu kilichosahauliwa. Katika hadithi za watu wa Skandinavia ya kale, zilizoandikwa na Snorri Sturluson wa Iceland mnamo karne ya 13, mungu Baldr alikingwa na mama yake Frigg, aliyeviapisha vitu vyote visimdhuru: moto, maji, chuma, mawe, magonjwa, wanyama. Aliacha mmea mmoja mdogo unaoota juu ya miti mingine, kwa kuuona ni mchanga mno kuapishwa. Loki akaupata, akampa Höðr aliyekuwa kipofu autupe, na Baldr akafa. Mmea ule haukuwa na nguvu yoyote ya pekee. Kinga ilikuwa orodha, na orodha ilikuwa na pengo.

Mfano ulio bora kuliko yote unatoka India. Mfalme Hiranyakashipu alimwomba Brahma asiuawe na binadamu wala mnyama, mchana wala usiku, ndani wala nje, ardhini wala angani, wala kwa silaha. Alidhani amefunga kila mlango. Vishnu akamjia kwa umbo la Narasimha, nusu mtu na nusu simba, wakati wa magharibi, akamkamata kizingitini, akamlaza mapajani pake na kumrarua kwa kucha. Kila sharti la kinga liliheshimiwa, hakuna hata moja lililovunjwa, na mwenye kinga alikufa. Anayebishana kwamba mhusika fulani "hawezi kuuawa na mtu wala mnyama" asome hadithi hii kwanza.

Macbeth wa Shakespeare aliangushwa kwa njia hiyohiyo. Aliambiwa kwamba hatadhuriwa na aliyezaliwa na mwanamke, akakutana na Macduff aliyetolewa tumboni mwa mama yake kwa kupasuliwa. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua tamthilia hiyo kupitia tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth, ya mwaka 1968.

Mahali pasipofunikwa

Wahusika wengine hukingwa mwili mzima isipokuwa sehemu moja. Siegfried, katika utenzi wa Kijerumani wa Nibelungenlied ulioandikwa mnamo mwaka 1200, alioga damu ya joka na ngozi yake ikawa ngumu, lakini jani la mti wa linden lilikuwa limeanguka kati ya mabega yake. Hagen alimchoma hapo kwa mkuki, baada ya mke wa Siegfried mwenyewe kushona alama kwenye vazi lake mahali pale, akidhani anamsaidia mumewe alindwe. Isfandiyar wa Uajemi, katika Shahnameh ya Firdausi iliyokamilika mnamo mwaka 1010, alikuwa na mwili usiopenyeka, akauawa na Rostam kwa mshale wa mti wa tamariski uliompata machoni.

Achilles wa Wagiriki ndiye anayetajwa mara nyingi zaidi, na ndiye anayeleta tatizo kubwa zaidi. Katika Iliad ya Homer hakuna habari ya kisigino wala ya kuchovywa mtoni. Kinyume chake, katika kitabu cha 21 mkuki wa Asteropaios unamkwaruza mkono na damu inatoka. Hadithi ya mama yake kumchovya katika mto Styx inapatikana kwa mshairi Mroma Statius, karne nyingi baadaye. Kwa hiyo anayemwingiza Achilles katika pambano la kubuni lazima aseme ni Achilles yupi. Yule wa Homer ni mpiganaji hodari anayetoka damu. Yule wa baadaye ana kinga yenye tundu moja. Kuchukua ushujaa wa mmoja na ngozi ya mwingine ni kumtunga Achilles wa tatu ambaye hakuna aliyemwandika.

Hali hiyo iko pia katika hadithi za karibuni. Dracula wa Bram Stoker, katika riwaya ya mwaka 1897, hutembea mchana, ingawa nguvu zake hupungua. Mnyonya damu anayeangamizwa na mwanga wa jua alienea baada ya filamu ya Kijerumani ya Nosferatu ya mwaka 1922.

Kubadili aina ya shambulio

Kinga dhidi ya silaha si kinga dhidi ya kukosa pumzi. Simba wa Nemea hakuweza kupenywa na mshale wa Herakles, basi Herakles akamkaba shingo mpaka akafa, kisha akamchuna kwa kucha za simba mwenyewe, kwa sababu kisu hakikuingia. Kaineus, shujaa mwingine wa Wagiriki ambaye hakuna chuma kilichomjeruhi, alifukiwa na makentauri chini ya magogo na miti mpaka akadidimia. Hakupata jeraha hata moja.

Katika One Piece, Luffy ana mwili wa mpira, na umeme wa Enel haumfanyi lolote. Enel alipogundua hilo alichukua dhahabu, akaifanya silaha yenye ncha na kuipasha joto kwa umeme wake. Umeme ulikuwa uleule, lakini sasa ulimfikia Luffy kama joto na ncha, na kinga yake haikuhusu hayo. Hapa pana kanuni ambayo wabishi wengi huisahau: kinga hutajwa kwa kile inachozuia, wala si kwa mtu anayezuiwa. Kusema "Enel hamwezi Luffy" ni kufupisha mno.

Kushambulia chanzo

Kinga nyingine haimo mwilini mwa mhusika bali imetoka mahali. Nguvu za Samsoni katika Kitabu cha Waamuzi zilifungamana na nadhiri na nywele zisizonyolewa. Delila hakupigana naye, alimlaza akanyolewa. Juggernaut, adui wa X-Men tangu mwaka 1965, hulindwa kichwani na kofia ya chuma inayozuia nguvu za akili za Profesa Xavier. Kofia ikivuliwa, Xavier humwangusha. Superman naye hupata nguvu kutokana na jua la manjano, na chini ya jua jekundu kama lile la Krypton hubaki mtu wa kawaida.

Katika pambano la kubuni swali la haki ni kama mshambuliaji anajua chanzo hicho na kama anaweza kukifikia. Msomaji anajua habari ya kofia, jua na nywele. Mhusika aliyeingizwa uwanjani jana hajui, isipokuwa masharti ya mjadala yamempa ujuzi huo.

Nguvu kuzidi usugu

Kinga ya kweli haina kiwango, ila usugu unacho. Mfano mzuri wa kiwango kilichoandikwa kwa tarakimu uko katika Dungeons & Dragons ya miaka ya 1970. Baadhi ya viumbe walipewa usugu wa uchawi kwa asilimia, na asilimia hiyo ilikuwa imekadiriwa dhidi ya mchawi wa daraja la 11. Kwa kila daraja juu ya hapo usugu ulipungua kwa asilimia 5, na kwa kila daraja chini ya hapo uliongezeka kwa asilimia 5. Kiumbe mwenye usugu wa asilimia 50 alikuwa na asilimia 30 tu mbele ya mchawi wa daraja la 15. Hivyo namba ya usugu peke yake haikueleza chochote mpaka ujue ni nani anayeroga.

Hadithi nyingi hazina namba za namna hiyo, na hapo ndipo ubishi unapochacha. Mtetezi wa mshambuliaji husema nguvu yake ni kubwa mno kuzuilika, na ushahidi anaoleta ni idadi ya watu aliowashinda. Lakini kuwatawala akili wanakijiji 1,000 wasio na kinga yoyote hakuonyeshi kwamba mtu anaweza kumtawala mmoja mwenye kinga. Kunaonyesha upana wa nguvu, si ukali wake. Ukali huonekana pale tu nguvu inapokutana na kizuizi na kukishinda, na hata hapo huonekana kwa kiasi cha kizuizi hicho.

Kubatilisha kinga

Njia ya mwisho ni uwezo maalumu ambao kazi yake ni kuiondoa kinga. Nguvu haipiti kwa ukubwa wala kwa hila. Kinga yenyewe hufanywa kana kwamba haipo. Uwezo wa namna hii ndio unaodaiwa kupita kiasi kuliko mwingine wowote, maana mtu akishasema mhusika wake "hubatilisha kinga" huona ameshamaliza mazungumzo.

Michezo ya Pokémon, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, inaonyesha kwa nini mambo si mepesi hivyo. Humo shambulio la aina ya ardhi halimdhuru Pokémon mwenye uwezo uitwao Levitate, kwa kuwa huelea. Halimdhuru pia Pokémon wa aina ya wanaoruka. Kwa macho ya mtazamaji kinga hizi mbili ni kitu kimoja: wote wawili wako hewani. Halafu upo uwezo uitwao Mold Breaker, ulioingizwa mwaka 2006, unaopuuza uwezo wa mpinzani pale unapozuia shambulio. Mwenye Mold Breaker akitumia tetemeko la ardhi humpata mwenye Levitate, lakini hampati wa aina ya wanaoruka, kwa sababu kinga ya huyu imetokana na aina yake na si uwezo wake. Kwa upande mwingine, shambulio liitwalo Foresight humfanya Pokémon wa aina ya mzuka aweze kupigwa na mashambulio ya kawaida na ya ngumi ambayo yangempita bure, lakini halihusu kinga nyingine yoyote.

Ubatilishaji una mipaka yake, kama kinga. Mtu akidai kwamba mhusika wake hubatilisha kinga, anapaswa kuonyesha ni kinga ya jambo gani, iliyotokana na nini, na lini imewahi kubatilishwa katika hadithi yenyewe. Aliyebatilisha kinga ya sumu hajaonyesha kwamba anaweza kubatilisha kinga ya akili.

Mkuki na ngao

Vipi ikiwa pande zote mbili hazina mipaka? Swali hili liliulizwa China katika karne ya 3 KK. Kitabu cha mwanafalsafa Han Fei kinasimulia habari za mchuuzi wa mikuki na ngao aliyesifu ngao zake kwamba hakuna kinachoweza kuzipenya, kisha akasifu mikuki yake kwamba hupenya kila kitu. Mtu mmoja akamwuliza: ukiupiga mkuki wako kwenye ngao yako, itakuwaje? Mchuuzi hakuwa na jibu. Hadi leo neno la Kichina la "kupingana" limeundwa kwa maneno mawili, mkuki na ngao.

Wagiriki walikuwa na mfano wao. Mbweha wa Teumessos aliandikiwa asikamatwe kamwe, na mbwa Lailaps aliandikiwa asikose windo kamwe. Mbwa alipotumwa kumfukuza mbweha, Zeus aliwageuza wote wawili kuwa mawe. Ni suluhisho la mwamuzi aliyeona kwamba kauli mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, na mijadala mingi leo ingefaa kuamuliwa hivyohivyo.

Jibu la kimantiki ni la Han Fei: vitu hivyo viwili haviwezi kuwepo katika ulimwengu mmoja. Wahusika wawili wakitoka katika hadithi mbili, kila "daima" na kila "kamwe" ilisemwa na mwandishi aliyekuwa akifikiria ulimwengu wake tu. Aliyeandika kwamba mkuki wa shujaa wake hupenya kila kitu hakuwahi kuiona ngao ya hadithi ya jirani.

Ushahidi na kosa la kutoweka mpaka

Kosa linaloongoza katika mijadala hii ni kuchukua jambo lililoonyeshwa mara moja na kulinyoosha bila mwisho. Mhusika alipigwa risasi akasimama. Basi hatadhurika na kombora, basi hatadhurika na kitu chochote. Hatua ya kwanza ina ushahidi, zinazofuata hazina. Kosa hilo hufanywa pia upande wa pili, kwa upanga uliokata jiwe na kudaiwa kukata kila kitu.

Juggernaut ni mfano unaofundisha. Sifa yake katika vibonzo ni kwamba akianza kutembea hakuna kinachoweza kumzuia. Katika toleo la Spider-Man la mwaka 1982, Spider-Man alishindwa kumzuia kwa kila njia, mwishowe akamwongoza mpaka kwenye msingi wa jengo uliojaa zege bichi, Juggernaut akazama humo. Sifa ilikuwa kweli kwa kila ngumi na kila ukuta, ila haikuwahi kuambiwa habari ya zege.

Ushahidi nao una daraja. Juu kabisa ni tendo lililoonyeshwa katika hadithi. Chini yake ni maneno ya msimulizi, na chini zaidi ni maneno ya wahusika. Majigambo ya mhusika juu yake mwenyewe yako chini ya yote. Waliofundisha fasihi simulizi wanajua kwamba majigambo, au vivugo, ni utanzu wenye kanuni zake, na kutia chumvi ni mojawapo. Hakuna mwanafunzi anayeambiwa apime uzito wa ng'ombe kwa kivugo cha mwenye ng'ombe.

Tatizo la mwisho ni la kulinganisha mifumo. "Uchawi" wa hadithi moja si lazima uwe kitu kimoja na "uchawi" wa nyingine, ingawa jina ni lile. Wajadili wengine hukubaliana mapema kwamba nguvu zenye majina na matendo yanayofanana zihesabiwe kuwa sawa. Wengine hudai ushahidi kwa kila jozi. Njia ya pili ni ya haki zaidi kwa maandishi. Njia ya kwanza ndiyo inayotumika zaidi, kwa sababu bila ya hiyo wahusika wa hadithi mbili wangesimama uwanjani wakitazamana.

Katika masimulizi ya Afrika

Masimulizi ya Afrika yana mifano mingi ya kinga, na jambo linaloyaunganisha ni kwamba siri huvuja kupitia mtu wa karibu.

Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa Waswahili wa pwani ya kaskazini ya Kenya, hakudhurika kwa silaha isipokuwa kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Utenzi unaomhusu uliandikwa na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913, na masimulizi yake yalikuwa yamechapishwa kabla ya hapo na Edward Steere mwaka 1870. Mtawala wa Pate aliyemwogopa alijaribu njia nyingi asifaulu. Mwishowe alimrubuni mwana wa Liyongo (katika masimulizi mengine mpwa wake) kwa ahadi ya kuozwa binti yake, kijana akamwuliza Liyongo siri yake. Liyongo alitambua sababu ya swali, na bado alimwambia. Kijana alimchoma akiwa usingizini. Liyongo akaamka, akaenda kisimani akiwa na upinde, akapiga goti na kufa katika hali hiyo, na watu hawakuthubutu kuteka maji kwa siku kadhaa wakimdhani yu hai. Kinga yake iliisha kabla ya hofu yake kuisha.

Lwanda Magere wa Wajaluo alikuwa na mwili wa jiwe, na mikuki ya Wanandi haikumwingia. Maadui zake walimpa mke. Alipougua, mke huyo aliambiwa amchanje dawa kwenye kivuli badala ya mwilini, akaona kivuli kinatoa damu, akarudi kwao na habari hiyo. Vita vilivyofuata kivuli chake kilichomwa mkuki, naye akaanguka na kugeuka jiwe, ambalo huonyeshwa hadi leo katika nchi ya Kano. Hapa mwanya hauko mwilini kabisa, na pengine hakuna hadithi nyingine iliyouficha mbali kiasi hicho.

Sumanguru wa Sosso, aliyeshindwa na Sundiata wa Mali katika vita vya Kirina mnamo mwaka 1235, hakujeruhiwa kwa chuma. Katika masimulizi yaliyochapishwa na Djibril Tamsir Niane mwaka 1960, mshale wenye kijino cha mguu wa jogoo mweupe ndio uliomwondolea nguvu, na siri hiyo ilifichuliwa na dada yake Sundiata, aliyekuwa ameozwa kwa Sumanguru. Mshale ulimkwaruza tu. Kilichomvunja kilikuwa mwiko wake.

Miiko huleta swali zito kuliko yote, na hapa mpaka kati ya hadithi na historia hauna budi kutajwa. Katika vita vya Maji Maji, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1905 hadi 1907, wapiganaji waliamini kwamba maji ya dawa ya Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Dawa hiyo iliambatana na miiko. Wenzao walipoanguka, wengine walieleza kwamba waliokufa walikuwa wamevunja miiko. Maelezo ya namna hiyo huikinga kinga yenyewe: anayepona ameithibitisha, anayekufa hakuistahili, na hakuna kinachoweza kuonyesha kwamba haipo. Walikufa watu kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa baada ya mashamba na chakula kuchomwa na jeshi la kikoloni. Ebrahim Hussein alilitafakari jambo hilo katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969. Mjadala wa wahusika wa kubuni hauui mtu, lakini hoja ya "alishindwa kwa sababu siku ile hakuwa katika nguvu zake kamili" ni hoja ya umbo lilelile, na haifai kukubaliwa bila hadithi yenyewe kuisema.

Mijadala na kura

Kuwapambanisha wahusika wa hadithi mbalimbali kulikuwako kabla ya intaneti. Filamu ya Kijapani ya mwaka 1962 iliwakutanisha King Kong na Godzilla, na mwaka 1976 kampuni za Marvel na DC zilichapisha pamoja pambano la Superman na Spider-Man. Mwaka 1996 kampuni hizo zilitoa mfululizo wa mapambano 11, na katika matano kati yake mshindi alichaguliwa kwa kura za wasomaji. Superman alimshinda Hulk, Spider-Man alimshinda Superboy, Batman alimshinda Captain America, Wolverine alimshinda Lobo, na Storm alimshinda Wonder Woman. Matokeo mawili ya mwisho yanabishaniwa hadi leo. Lobo huponya majeraha yake na ana nguvu za mwili zinazolingana na za Superman, na wengi hawaoni ni kwa njia ipi kati ya zilizotajwa juu Wolverine angeweza kummaliza. Waandishi wenyewe hawakuonyesha: wawili hao waliangukia nyuma ya meza ya baa, na aliyeinuka ni Wolverine.

Nchini Tanzania watazamaji wa filamu humwita mhusika mkuu "steringi", na kanuni ya vibanda vya video ilikuwa kwamba steringi hafi. Hiyo nayo ni kinga, tena yenye nguvu kuliko ngozi ya Siegfried, lakini ni mali ya hadithi na wala si ya mtu. Mhusika akihamishwa kwenda kupambana na steringi wa hadithi nyingine, huiacha nyumbani. Ndiyo maana wajadili makini huweka masharti kabla ya kuanza: toleo gani la kila mhusika, mahali pa pambano, umbali kati yao, wanajuana kiasi gani, wana muda wa kujiandaa au hawana, na ushindi ni kuua au kuangusha tu. Sharti la maandalizi pekee huweza kugeuza matokeo, kwa kuwa mtu aliyepewa siku moja ya kuuliza maswali huenda akarudi na sindano ya shaba.